Kiti Ambacho Wengine Hawajakikalia: Falsafa ya Baada-ya-Mtu na Swali la Utu

 Naomba radhi mapema kwa urefu wa maneno yangu. Mada yenyewe ni nene.

Nianze na kisa mnachokijua. Oktoba 2017, katika mkutano mkubwa wa wawekezaji mjini Riyadh, ilitangazwa kwamba Saudi Arabia imempa uraia roboti. Jina lake Sophia, ametengenezwa na kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong. Watu wakapiga makofi. Wengine wakauliza, tena kwa haki, mbona huyu raia mpya hana mtandio wala mlezi wa kiume? Lakini swali lililoniuma mimi lilikuwa jingine. Wakati ule ule, katika majumba ya mji ule ule, walikuwemo mabinti kutoka Kenya, Uganda na kwengineko Afrika Mashariki wakifua na kulea watoto chini ya mfumo wa kafala, ambao ulimfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake hata asiweze kubadili kazi au kurudi kwao bila idhini. Mashine iliupata uraia kwa hotuba moja. Binti aliyeipangusa vumbi sebule hakuwa na ndoto ya kuupata.

Nakileta kisa hiki kwa sababu kuna falsafa moja ambayo katika vyuo vya huku ughaibuni imekuwa kama pilau ya arusi, kila meza ipo. Wenyewe wanaiita posthumanizimu. Mie nitaiita falsafa ya baada-ya-mtu, na mwenye istilahi bora alete. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba yule "Mtu" aliyekalishwa katikati ya ulimwengu na wanafalsafa wa Ulaya hafai kuendelea kukaa pale. Ashuke, akae pamoja na wanyama, mimea, mashine na mawe, maana hajawahi kuishi bila hivyo hata siku moja. Kisha wanaongeza nusu ya pili: akishashuka huyo, wote aliowasukuma pembeni (wanawake, watu weusi, wenye ulemavu, waliotawaliwa) watapata nafasi.

Nusu ya kwanza naikubali. Ya pili ndiyo naona haijathibitishwa, na sisi wenye Kiswahili tuna sababu zetu za kuitilia shaka.

Tumtendee haki mwenye hoja kwanza. Nimchukue Rosi Braidotti, mzaliwa wa Italia, aliyekulia Australia na kufundisha kwa miaka mingi Utrecht, Uholanzi. Kitabu chake *The Posthuman* cha mwaka 2013 ni miongoni mwa vinavyosomwa sana katika uwanja huu. Braidotti anautazama ule mchoro maarufu wa Leonardo da Vinci wa karibu mwaka 1490, wa mwanamume aliye uchi, mikono na miguu kainyoosha ndani ya duara na mraba. Huyo, anasema, ndiye aliyegeuzwa kipimo cha ubinadamu wote. Na ukimchunguza si binadamu yeyote tu. Ni mwanamume, Mzungu, mzima wa viungo, mkaazi wa mjini, tena anayesema lugha sanifu. Hapo kwenye lugha sanifu nilicheka peke yangu, maana sisi tunajua fika namna usanifishaji wa Kiunguja ulivyomfanya mtu wa Lamu au wa Lubumbashi aambiwe hajui kusema lugha anayoiota usiku.

Braidotti hadai kwamba kila kilichotoka kwenye huo ubinadamu wa Ulaya ni takataka. Uhuru na mshikamano anavitaka. Anachokikataa ni kile kipimo. Badala yake, akiwafuata Spinoza na Deleuze, anaweka uhai wenyewe, ule unaopita ndani ya viumbe vyote bila kuuliza pasipoti. Usawa, kwake, ujengwe juu ya uhai huo, usijengwe juu ya ngazi yenye Mtu kileleni.

Ni hoja nzuri. Tatizo langu ni mahali anaposimama anayeisema. Kumwambia mtu ashuke kitini kuna maana kwa aliyekikalia. Kwa aliyesimama mlangoni tangu jana akisubiri aitwe ndani, kuambiwa kwamba viti vimefutwa si ukombozi hata kidogo.

Hebu tutazame miaka. Tarehe 13 Desemba 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2010 Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Katika kipindi hicho hicho wanaharakati walikuwa wakihimiza watu waache kusema "zeruzeru", waache hata "albino", waseme "mtu mwenye ualbino". "Kilema" likasukumwa kando likaja "mlemavu", kisha "mtu mwenye ulemavu". Angalieni ni neno gani limeongezwa hapo. Ni *mtu*. Wakati wanafalsafa wa Ulaya wanalifuta neno hilo ubaoni, wenzetu walikuwa wanapigania chaki ili waandikwe.

Wapenzi wa sarufi wataniwia radhi kidogo. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibiongo, kichaa: kwa umbo wote wamo katika ngeli ya KI-VI, ijapokuwa upatanisho ni wa A-WA. Tunasema "kipofu amekuja", hatusemi "kipofu kimekuja". Najua kuna atakayeninyooshea kidole, na kiongozi je? Na kijana? Na kinyozi? Ni kweli kabisa. Umbo peke yake halithibitishi dharau. Ila nami niulize, ni lini kiongozi aliomba aitwe "mtu mwenye uongozi"? Hakuwa na haja. Utu wake haujatiliwa shaka na yeyote. Anayedai neno *mtu* litajwe ni yule ambaye bila kutajwa hudhaniwa hanalo.

Na dhana hiyo inaua. Kuanzia karibu mwaka 2006 na 2007, hasa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino nchini Tanzania waliwindwa, wakauawa, wakakatwa viungo, na viungo vikauzwa kwa wanaotafuta utajiri kwa ushirikina. Wengine walinusurika bila mkono. Hata makaburi yalifukuliwa. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli, na mwaka huo huo tarehe 13 Juni ikaanza kuadhimishwa duniani kuwa Siku ya Uelewa kuhusu Ualbino. Yote hayo yalikuwa juhudi za kuthibitisha jambo ambalo halikupaswa kuhitaji uthibitisho.

Palikuwa na imani, na baadhi yetu tuliisikia utotoni, kwamba zeruzeru hafi, hutoweka. Maneno haya yasikieni vizuri. Hayasemi kwamba mwenye ualbino ni duni tu. Yanasema yeye si wa jamii ya wanaokufa. Ni mzimu, amepita ubinadamu. Kwa maana hiyo wauaji walikuwa tayari na nadharia yao ya baada-ya-mtu, bila kusoma kitabu chochote. Kuwekwa nje ya mpaka wa binadamu hakukumpa mtu huyo uhuru wowote. Kulimpa bei.

Hapa namleta Jane Bennett, mwananadharia wa siasa wa Marekani, na kitabu chake *Vibrant Matter* cha mwaka 2010. Bennett anafundisha kwamba vitu si maiti zinazosubiri mkono wa binadamu ziamke. Takataka, gridi ya umeme, chakula tunachokula, vyote vina nguvu na msukumo wake. Yeye mwenyewe analiona pingamizi kabla hatujalisema: je, tukipunguza tofauti ya mtu na kitu, hatutawaruhusu watu kutendewa kama vitu? Anajibu kwamba tukiipandisha hadhi maada yote, walio chini nao watapanda pamoja nayo. Tena anatukumbusha kwamba ile ngazi ya zamani, yenye mtu juu na kitu chini, haikuwalinda wanyonge.

Kuhusu ngazi ya zamani ana haki. Lakini jibu lake la kwanza halisimami mbele ya soko la viungo. Aliyenunua mkono hakuuona kuwa maada iliyokufa. Aliuona una nguvu zake wenyewe, na ndiyo maana akautaka. Hadhi ya mkono ilipanda, tena ilipanda sana, na mwenye mkono akafa. Simtwishi Bennett damu hiyo, hasha! Nasema tu kwamba kupandisha hadhi ya vitu hakutoshi kumlinda mtu. Nadharia inayotuambia kila kitu kina nguvu yake inatudai pia kanuni ya kujua ni wapi tunasema hapana, huyu haguswi.

Tuje kwa wanyama. Braidotti na wenzake wanataka mpaka kati ya mtu na mnyama ulegezwe. Sawa. Lakini kuna waliolegezewa mpaka huo kwa nguvu. Septemba 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, Ota Benga, kijana kutoka Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani pamoja na orangutani ili watu wamtazame. Wachungaji weusi wa mjini pale, wakiongozwa na James Gordon, walipinga, na hoja yao mojawapo ilikuwa hii: huyu ni binadamu, ana roho. Ota Benga alitolewa. Mwaka 1916 alijiua, Lynchburg, Virginia. Shirika lenye bustani lilikuja kuomba radhi mwaka 2020. Sasa fikirini mtu anamwendea Mchungaji Gordon na kumwambia kwamba hoja yake ni ya kizamani, kwamba ubinadamu ni dhana ya kibabe aiache. Angejibu nini? Nadhani angeuliza, niiache nishike nini, na mtoto bado yumo ndani ya kizimba?

Na huku kwetu? Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti wakapelekwa Ngorongoro. Mwaka huo huo ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyeamini kwamba hifadhi ya kweli haikaliwi na watu, na filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar. Juni 2022, Loliondo, vikawekwa vigingi vya mpaka kuzunguka kilomita za mraba 1,500, na vurugu zake tuliziona sote. Braidotti hakumhamisha mtu Serengeti, najua, na pengine angekuwa wa kwanza kulalamika. Lakini mfugaji wa Loliondo hahitaji semina ya kumfundisha kwamba binadamu si kitovu cha dunia. Aliambiwa hivyo zamani, na aliyemwambia alikuja na gari la doria. Tena mfugaji huyo ndiye aliyeishi na ng'ombe, nyasi na simba kwa namna ambayo vitabu hivi vinaitamani. Anayeambiwa ahame ni yeye. Anayepanda ndege kuja kuwapiga wanyama picha hakuambiwa kitu.

Kwa hiyo kosa ninaloliona ni hili. Falsafa ya baada-ya-mtu inagundua kwamba "Mtu" alikuwa mtu fulani tu aliyejipachika jina la wote. Ugunduzi huo ni sahihi, na Sylvia Wynter, mwanafikra wa Jamaika, alikwisha kuuandika kwa nguvu katika makala yake ndefu ya mwaka 2003. Lakini wanapotoka hapo Wynter na Braidotti wanaachana njia. Wynter anasema, aliyejipachika jina apokonywe, na jina lirudi kwa wenyewe wote. Braidotti anasema jina lenyewe limechafuka, tulivuke. Mie niko na Wynter. Mwizi akiiba kanzu ya msikitini hatuichomi kanzu.

Sasa najua wengi wenu mko tayari kuandika: "Ndugu, sisi tunao *utu*! Mtu ni watu!" Hata Braidotti anaitaja ubuntu kwa kupita, kama mgeni anayeonja mchuzi kwa ncha ya kijiko. Na hazina tunayo kweli. Ahmad Nassir wa Mombasa alitunga utenzi mzima uitwao *Mtu ni Utu*, na Kai Kresse akaujadili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu falsafa ya Mombasa. Mafunzo yake ni kwamba utu hauko kwenye sura, uko kwenye vitendo.

Lakini tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Utu wa vitendo una makali pande mbili. Kama utu ni kitu cha kufikiwa, basi yuko ambaye hajafikia, na yuko atakayepewa mamlaka ya kusema nani hajafikia. Pwani yetu ilijaa watoa hukumu hao. Mstaarabu na mshenzi, mwungwana na mtumwa. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria hadi 1897. Waliouza na kununua miaka yote hiyo walikuwa na neno *utu* mdomoni. Halikuwazuia. Mpaka leo, kwenye posa, kwenye mali na hata kwenye mabaraza kama haya, kuna anayeulizwa "asili yake wapi?" kwa sauti ile ile.

Na methali tunayo: *utu busara, ujinga hayawani*. Mwenye busara ni mtu, mjinga yuko na wanyama. Jamani, huo si mchoro wa Leonardo kwa Kiswahili? Kile alichokifanya Mtaliano kwa viungo, sisi tulikifanya kwa akili. Mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa akili anakaa wapi katika methali hiyo? Tusiwacheke Wazungu kwa kipimo chao na chetu tumekikunja chini ya mkeka.

Ila lugha hii hii ina methali nyingine, na hapo ndipo mie naona pa kuanzia: *hujafa hujaumbika*. Tuliambiwa tulipomcheka mwenye kuchechemea njiani. Najua udhaifu wake. Husemwa kwa kutisha, usimcheke yakakupata, kana kwamba ulemavu ni adhabu inayotafuta mtu wa kumwangukia. Lakini weka tisho pembeni usikie inachosema kuhusu kuumbwa. Inasema hakuna aliyekwisha kukamilika. Mzima na mlemavu, msomi na asiyejua kusoma, bosi na mtumishi, wote bado wako mkononi mwa mfinyanzi, udongo mbichi. Ukamilifu, kama upo, huja na mauti.

Tazameni tofauti. Leonardo anatupa binadamu aliyekamilika, na kila mwengine anapimwa kwa upungufu wake. Braidotti anatupa uhai usio na mipaka, na ndani yake ni vigumu kumwona mtu mmoja mmoja na deni tunalodaiwa naye. *Hujafa hujaumbika* inatupa binadamu wa kweli, mwenye mwili, anayeweza kuvunjika kesho, na inamweka sawa na mwenzake kwa jambo wanaloshirikiana wote bila mtihani: kutokamilika. Hapa hapahitajiki busara ili uhesabiwe, wala viungo vizima, wala kwenda na wakati. Unahitaji kuwa umezaliwa na hujafa.

Msingi huo haumdharau punda wala mti, maana navyo havijamaliza. Wala haukatai mashine. Mwenye kiti cha magurudumu anajua kwamba kiti ni sehemu yake, kama Donna Haraway alivyotufundisha tangu 1985 kwa mfano wake wa kiumbe nusu mashine. Lakini anajua pia, kama Tobin Siebers alivyomkumbusha Haraway mwaka 2008, kwamba kiungo cha bandia si nguvu mpya tu. Kinachubua na kinauma. Na huku kwetu nyongeza ya pili ni bei, na barabara isiyo na njia ya kukipitisha kiti. Roboti wa Riyadh halijui hilo. Halichubuki. Liliumbika siku lilipofungwa skrubu ya mwisho.

Basi kila nadharia inapotuletea habari kwamba Mtu ashuke, tuiulize maswali mawili kabla hatujaitikia. Nani hasa anayeshuka? Na aliyekuwa hajakaa atapata nini? Kama jibu la la pili ni "atapata kuwa sawa na vitu vyote", tuseme ahsante, hapo alikwisha kuwapo.

Naomba kuwasilisha. Mwenye kunikosoa anikosoe, barazani hapanuniwi. Ila asinitupie majina ya wanafalsafa peke yake, aje na hoja na mfano.

Wakatabahu.